Msumari wa Tatu, Upande wa Ndani

2 Machi

Kaka,

Isome hii ukiwa umekaa, tena umevaa miwani, usije ukasema baadaye kwamba mwandiko wangu ndio uliokukosesha. Sisi huku wazima. Cherehani yangu inakula uzi kama kawaida yake, na mwanangu amepata kazi.

Hilo hasa ndilo ninalokuandikia. Kuanzia tarehe mosi Mei atakuwa anapeleka barua na dawa kwenye zile nyumba za juu mlimani ambako gari halifiki. Atakwenda kwa farasi. Ndiyo, kaka, kazi ile ile ya marehemu baba yake, njia ile ile, korongo lile lile. Nimemwambia yote ya kumwambia. Amenisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama nimeiona kofia yake.

Farasi mwenyewe anaitwa Mjukuu. Humjui, ulipokuja mara ya mwisho alikuwa hajazaliwa. Ni mjukuu wa Jivu, ndiyo maana ya jina. Ana rangi ya bibi yake na jicho lile lile la kukutazama kana kwamba umechelewa. Hajawahi kuvaa chuma, na njia ya mlimani ni mawe matupu, hawezi kwenda peku.

Hapa mjini yupo fundi wa kwato, anazunguka na gari lenye tanuri la gesi. Watu wanamsifu. Mimi simtaki. Nimekua nikisikia nyundo yako. Namtaka Hachomoi mwenyewe, ambaye tangu ujana wake msumari wake ukiingia ukwatoni hautoki mpaka kiatu kichakae. Njoo umvishe Mjukuu kabla ya mwezi wa tano.

Kiatu cha Jivu bado ninacho, kile cha mguu wa mbele wa kushoto walichonibandulia siku ile ya msiba. Kipo kwenye kopo la vifungo, misumari yake saba imekaa kwenye matundu kama ulivyoipiga. Kila nikikifuta vumbi nasema, hii kazi ya kaka yangu, imeishi kuliko mwenye farasi.

Mdogo wako,
Sindano


9 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Barua imefika, nimeisoma mwenyewe bila kumwita mtu. Mwandiko wangu utauvumilia, ni wa mtu aliyesoma madarasa mawili, na la pili sikumaliza kwa sababu mwalimu alinionea wivu.

Hongera za mpwa wangu mpelekee. Na huyo fundi wako wa gesi mwambie moto wa gesi ni wa kukaangia mayai. Mimi nimeinua miguu ya farasi mingi kuliko nywele alizonazo kichwani. Kuna farasi walikuwa wanang'ata hata mwenye kuwalisha, kwangu walikuwa wanasinzia mguu ukiwa mapajani mwangu. Daktari wa mifugo mwenyewe alikuwa akishindwa anasema, mpelekeni kwa Hachomoi. Hayo si majigambo, waulize waliopo. Waliopo wamebaki wawili na mmoja hasikii, lakini waulize.

Lakini kuja siji. Magoti yamegoma. Halafu kazi hapa ni nyingi, nikiondoka wiki moja mji mzima utachechemea. Mpe huyo wa gesi, hata kama ni wa mayai.

Na kile kiatu kitupe. Nani alikwambia ukiweke? Chuma kikuukuu kinaleta pepopunda, uliza hospitali yoyote. Kitupe leo, usingoje kesho.

Jambo jingine. Kuna mtu ananichezea. Kila siku adhuhuri, nikiwa nakula, nasikia farasi anaingia uani anachechemea. Anakwenda mpaka kwenye ile nguzo ya kufungia, anasimama. Nikifuta mikono nikatoka, hakuna kitu. Siku tisa sasa. Mtu mwenye farasi kilema si aje aseme shida yake? Nikimkamata nitamkunja kama msumari.

Kaka yako,
Hachomoi


17 Machi

Kaka,

Nimecheka mpaka nikajichoma kidole. Pepopunda! Kitu kimekaa kwenye kopo langu miaka thelathini na moja, leo ndiyo kinakumbuka kuniua? Sitakitupa. Na magoti yako nayajua, ni yale yale yaliyocheza ngoma kwenye harusi ya jirani yako mpaka bibi harusi akaomba kupumzika.

Fundi wa gesi alikuja juzi, hata sikumwita, mwanangu ndiye aliyemleta. Mtu mpole. Alimpapasa Mjukuu bega, akashuka na kiganja mpaka chini, mguu ukainuka wenyewe. Akasema, "Mama, ukwato mzuri huu. Ukuta wake mnene kwa nje, kwa ndani mwembamba kidogo. Hapo ndipo pa kuwa na adabu." Nikamuuliza, na wewe umewahi kuchomoa msumari uliokwisha kuupiga? Akacheka, "Kila wiki, mama."

Kaka, mtu anajisifu kwa kuchomoa! Nikamwambia tutamwita. Hatutamwita.

Sasa acha kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, useme sababu yenyewe ya kutokuja. Tumekukosea? Mwanangu amekukosea? Mtu ni mjomba wake mmoja tu.

Kuhusu huyo farasi wako wa adhuhuri, anachechemea mguu gani? Nauliza tu. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba ukiujua mguu umemjua mwenye farasi.

Mdogo wako,
Sindano


24 Machi

Sindano,

Mbele kushoto. Basi, umefurahi?

Sikukasirikii wewe. Lakini swali lako lilinitoa nje. Siku ya pili yake sikula. Nilikaa nyuma ya mlango wa karakana na nyundo mkononi, adhuhuri kweupe, jua limesimama, hata jani halitikisiki. Nikasikia anaingia. Hatua tatu nzito, ya nne nyepesi, kama mtu anayekanyaga sakafu yenye vioo. Tatu, na moja. Tatu, na moja. Uani naona vumbi tu. Akafika kwenye nguzo. Ile pete ya chuma ya kufungia kamba ikanyanyuka, ikakaa imenyanyuka, ikaanguka. Ndivyo afanyavyo farasi anayejaribu kamba kama imekazwa.

Nilitoka. Sikuogopa, ujue hilo. Kulikuwa na alama moja tu vumbini, ya kiatu cha mbele cha kushoto. Vichwa vya misumari saba, vinne nje, vitatu ndani. Na pale mbele kwenye kidole cha kiatu, mistari miwili ya patasi.

Ile mistari ni yangu. Hakuna fundi mwingine aliyewahi kuikata. Nilikwambia niliacha kuikata kwa sababu patasi ilivunjika. Patasi haikuvunjika, ipo. Niliacha mwaka ule ule wa msiba wako, na sikutia alama yangu kwenye chuma chochote tangu siku hiyo. Sasa nani kakata mistari?

Nikamwaga jivu la tanuri juu ya ile alama. Kesho yake alama ikawa juu ya jivu. Mama wa duka la jirani akaniuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mzee, mbona unaongea na nguzo?" Nikamwambia naipima. Akasema, "Inakujibu?" Ana mdomo yule.

Kuja siji. Usiniulize tena sababu.

Hachomoi


2 Aprili

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikafunga cherehani. Wewe umenificha patasi. Mimi nimekuficha kubwa zaidi, na sasa naona kama tusiposemezana tutakufa kila mtu na lake.

Marehemu alimleta Jivu kwako siku ya Jumatatu, ukamvisha viatu vinne. Hilo unalijua. Usilolijua ni la Jumatano. Jumatano aliporudi kazini aliniambia, "Jivu anafupisha hatua ya mbele. Ukwato una moto. Nataka kesho nimrudishe kwa kaka yako auangalie."

Nilikuwa nakata kitambaa. Sikuinua hata kichwa. Nikamwambia, kaka yangu hakosei. Umrudishe mbele ya watu wote wanaojaa uani kwake, umwaibishe? Watasema shemeji yake mwenyewe hamwamini. Panda farasi wako uende kazini, na ukiwa mzito punguza kula.

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Alhamisi asubuhi akapanda, na saa saba wakaja kuniita, yeye na Jivu wameanguka korongoni.

Mimi ndiye niliyempandisha, kaka. Ulipokuja msibani ukasema alikuwa anamkimbiza farasi, nilitikisa kichwa kukubali mbele ya mama yake, kwa sababu kama alikuwa anakimbiza, basi neno langu halikumuua. Mwanangu amekua akijua baba yake alikuwa mzembe. Mimi ndiye niliyemlea hivyo.

Kile kiatu nimekiweka ili nikitazame. Misumari saba, imenyooka, kazi safi. Nakitazama najiambia, si uliona, kaka hakukosea, ukwato ulikuwa na moto wa jua tu.

Sasa unaelewa kwa nini namtaka Hachomoi na simtaki mwingine. Nikiiona mikono yako ikimvisha Mjukuu, nitaweza kumwacha mwanangu apande. Niandikie neno moja tu. Niambie sikukosea kukuamini.

Mdogo wako,
Sindano


7 Aprili

Mdogo wangu,

Hukukosea.

Kaka yako,
Hachomoi


8 Aprili

Sindano,

Barua ya jana ukiipata kabla ya hii, ichome. Ikija pamoja na hii, ichome pia.

Niliipeleka posta mwenyewe kwa magoti yangu. Nikarudi adhuhuri. Mlango wa karakana nilikuwa nimeufunga kwa komeo, na komeo lilikuwepo. Nikafungua. Alikuwa ndani. Sikumwona, hakuna cha kuona, lakini kati ya fuawe ninapofulia chuma na kiti changu palikuwa pamejaa. Joto la ubavu wa farasi aliyetembea. Jasho lake nalijua, kila farasi na jasho lake. Sikuweza kukifikia kiti. Nikakaa kizingitini mpaka jua likageuka, ndipo nikaandika hii.

Nakuambia Jumatatu ile. Uani kwangu walikuwepo watu tisa. Mumeo alikuwa amemshika Jivu kichwa. Watu wakasema, Hachomoi tuonyeshe. Nikasema, leo nitapiga mguu wa mwisho bila kuutazama, nikiwa nawasimulia kisa. Na kweli. Nilikuwa nimewageuzia uso wangu, nasimulia habari ya farasi wa mganga wa meno, wanacheka, na nyundo inakwenda. Minne ya nje safi. Ya ndani, wa kwanza safi, wa pili safi.

Mdogo wangu, msumari ukipita kwenye sehemu ya ukwato isiyo na uhai unalia, na kila pigo sauti inapanda juu, kama mtungi unaojaa maji. Hilo ndilo fundi analolisikiliza. Wa tatu ulilia mara mbili, halafu ukanyamaza. Ulisema du. Kama unapiga unga. Jivu akavuta mguu. Si sana. Alivuta kwa adabu.

Mumeo akasema taratibu, "Shemeji, amestuka. Uchomoe uangalie."

Kama asingesema, labda ningechomoa. Hapana, nadanganya tena. Watu tisa walikuwa wameacha kucheka wananitazama. Nikasema, "Mimi? Nichomoe?" Wakacheka upya. Nikapiga mpaka ncha ikatokea nje, nikaikunja, nikapitisha tupa ikawa laini kama shavu. Kazi safi. Hiyo kazi safi unayoifuta vumbi.

Msumari wa namna hiyo haumlemazi farasi siku hiyo hiyo. Unakaa karibu na nyama hai, unaisonga kidogo kidogo, joto linajaa ndani, hakuna pa kutokea. Siku mbili, siku tatu. Nilijua hilo tangu nina miaka kumi na saba.

Na sijamaliza. Alhamisi asubuhi mumeo alipita mbele ya mlango wangu. Nilimsikia kabla sijamwona. Tatu, na moja. Akapunguza mwendo, nadhani alitaka kuingia, akanipungia mkono. Mimi nikainama nikajifanya napuliza moto. Moto haukuwepo. Akapita.

Ukimtafuta aliyempandisha, usijitafute wewe. Ulimwambia kaka yako hakosei kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kusema hivyo.

Huyu anayekuja adhuhuri anakuja kwenye nguzo ambayo ilipaswa afungwe siku ile. Sijui anataka nini. Najua anataka nini.

Mpeni kazi fundi wa gesi. Mtu anayechomoa kila wiki ni fundi.

Kaka yako


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Naandika mimi kwa sababu mama hataki kushika kalamu. Tangu barua zako mbili zifike siku moja, hajashona. Anakaa na kopo la vifungo mapajani. Wateja wanakuja kuchukua nguo zao anawatazama mpaka wanaondoka wenyewe. Sijazisoma barua, sijapewa.

Jana nilimwambia basi nitamwita fundi wa gesi, siku zimekwisha. Akaniambia, "Mwandikie mjomba wako. Mwambie tarehe ishirini na nane. Aje na tupa yake." Nikamuuliza, ameugua? Akasema, "Andika hivyo hivyo, usiongeze."

Sasa nimeongeza. Mjomba, kuna jambo linalonihusu mnalijua nyinyi wawili. Mimi ni mtu wa miaka thelathini na mbili, si mtoto wa kupelekwa nje watu wazima wakitaka kuongea. Njoo.

Mpwa wako


4 Mei

Sijakuita kaka hapo juu kwa sababu bado sijajua nikuite nani. Utanisamehe, au hutanisamehe, ni juu yako.

Tulikuwa wote tarehe ishirini na nane, sina la kukusimulia. Lakini wewe ulikuwa umeinama, kuna mambo hukuyaona.

Hukuwaona watu walivyojaa mpaka ukutani, kwa kuwa mtu mmoja alitangaza mtaani kwamba Hachomoi amefika. Hukumwona fundi wa gesi alivyosimama nyuma ya wote amevua kofia. Hukumwona mwanangu alivyomshika Mjukuu kichwa, mkono mmoja chini ya taya na mwingine kwenye paji, na hakuna aliyemfundisha. Baba yake alikuwa anashika hivyo. Na hukuniona mimi dirishani, kopo kifuani, nahesabu. Kila pigo. Minne ya nje, sauti inapanda. Wa kwanza wa ndani, inapanda. Wa pili, inapanda.

Wa tatu nilisikia. Mimi mshona nguo nilisikia. Du.

Shingo yako ililowa jasho pale pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Watu wamezoea kisa, walikuwa wanangoja ucheke. Nyundo yako ilibaki juu. Ilibaki juu muda ambao ningeweza kupiga pindo la suruali. Nikasema moyoni, akishusha nyundo hii nitatoka nimuue kwa mkasi.

Kisha ukasema kwa ile sauti yako ya kujisifu, "Huu mbaya. Nauchomoa."

Koleo likakuponyoka. Fundi wa gesi akapita katikati ya watu akakupa lake. Ukauchomoa, ukaunusa, ukaugeuza juani kuona kama una unyevu. Ulikuwa mkavu, haujafika kwenye nyama. Fundi akasema, "Mzee, sita inatosha, tundu hilo liache." Ukaliacha.

Ndipo ukasimama, ukashika mgongo, ukawaambia watu wote wale maneno uliyoniandikia mimi. Ukamgeukia mwanangu: "Baba yako hakuwa anakimbiza. Alikuwa anatembea. Mimi ndiye."

Mwanangu akajibu, "Nimesikia, mjomba." Kamba hakuiachia. Mimi nilifunga dirisha.

Uliondoka bila kunywa hata chai, na mimi ndiye ambaye sikuiweka jikoni. Nataka ujue niliikumbuka. Niliikumbuka nikaiacha.

Tarehe mosi alipanda. Nilisimama barabarani nikasikiliza mpaka mlima ukammeza. Nne, sawa sawa, zote zina uzito mmoja. Alirudi saa tisa akaomba chakula. Ameanza kuniuliza habari za baba yake, alikuwa anacheka vipi, alikuwa anapenda nini. Sijawahi kuulizwa. Nilikuwa nimesahau kwamba ninayo majibu.

Sijakusamehe. Nimeandika tu ili usije ukafikiri Mjukuu amechechemea.

Sindano


9 Mei

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa habari ya Mjukuu. Kwa mengine sina haki ya kushukuru wala ya kulalamika.

Niliporudi nilidhani yule wa adhuhuri ataniacha. Nilijiambia, nimesema mbele ya umati, nimechomoa mbele ya umati, imekwisha. Siku ya kwanza akaja. Ya pili akaja. Tatu, na moja, mpaka kwenye nguzo. Nikaelewa kwamba mimi nilichomoa wa Mjukuu. Wake bado upo.

Basi jana nilivaa aproni ya ngozi. Nikachukua koleo langu na ile nyundo ndogo ya kunyooshea ncha. Nikatoka kabla hajafika, nikasimama kwenye nguzo juani kama mtu anayengoja mteja. Mama wa duka akachungulia ukutani, nadhani alikuwa na neno tayari mdomoni. Alinitazama usoni akarudi ndani.

Akaja. Nikamwambia, "Haya, mama." Nilikuwa nikimwita hivyo. Nikaweka kiganja pale ambapo bega lingekuwa, na bega lilikuwepo. Sindano, mimi ni mtu wa kutia chumvi, mji mzima unajua. Hapa sikutia. Manyoya, halafu joto, halafu ile ngozi inayotetemeka ikiguswa na nzi. Nikashuka na kiganja mpaka chini. Mguu ukainuka wenyewe. Nikauweka mapajani. Uzito wote ule, na naona aproni yangu tupu na jua juu yake.

Ukwato ulikuwa unachoma. Sikuhitaji macho, wa tatu ndani niliujua kwa kidole. Nikanyoosha ncha yake. Nikaushika kichwa kwa koleo, nikavuta taratibu, taratibu, huku namwambia mumeo, "Mshike, shemeji, mshike vizuri." Sijui kwa nini nilisema. Lakini alitulia kama farasi aliyeshikwa na mtu.

Ulitoka. Kikasikika kitu kama pumzi. Harufu ya usaha ikanijia puani, ikapita, ikaisha. Alinipumulia shingoni mara moja. Kisha mguu ukashuka chini, na nilimsikia anaondoka kupitia geti. Nilihesabu mpaka kona. Nne. Nne. Nne.

Leo adhuhuri nimekula chakula changu chote. Uani kimya. Nimekaa nimeitazama nguzo mpaka wali ukapoa, na nikiri, nilikuwa namngoja.

Msumari nimeuweka humu kwenye bahasha. Sikutaka kubaki nao, na kuutupa sikuthubutu. Usimwonyeshe mtu, watasema mzee amechanganyikiwa. Kama humo ndani hakuna kitu, basi nimechanganyikiwa kweli, na uisome barua hii kama ya mgonjwa.

Mimi si Hachomoi tena. Waambie wanaouliza.

Kaka yako


16 Mei

Kaka,

Bahasha imefika imechanika kona, na doa la kutu limelowa mpaka kwenye jina langu. Msumari ulikuwemo. Umepinda nchani, ule mkunjo wako wa kulalia kushoto, ambao hakuna mwingine anaukunja hivyo.

Nilijiambia, kaka ameokota msumari wowote chini ya fuawe. Anataka kunituliza. Kisha nikaenda kuchukua kopo.

Nilikuwa sijalifungua tangu siku ile ya dirishani. Nililifunga kwa utepe kwa mkono wangu, fundo la mshonaji, na fundo nililikuta kama nilivyolifunga. Mwanangu ameapa hakuligusa, na yule haapi ovyo. Nikafungua, nikamwaga vifungo vyote kitandani, nikakitoa kiatu cha Jivu.

Misumari minne nje. Miwili ndani. Tundu la tatu tupu, na pembeni yake chuma kinang'aa kipya kama palipokwaruzwa jana.

Nilitikisa kopo. Nilipekua vifungo kimoja kimoja. Miaka thelathini na moja nimehesabu saba, kaka, na mimi kwa kuhesabu sikosei.

Nikauchukua huu wako nikaujaribu kwenye lile tundu. Uliingia mpaka kichwa kikakaa mahali pake. Sikuuacha humo. Nikauvuta tena kwa vidole, ukatoka bila taabu, nikaenda kuuzika kule marehemu alikolala, chini kidogo tu, karibu na miguu. Mwanangu alinisindikiza. Nilimsomea barua zako zote pale pale, na zangu pia, ile ya Jumatano pia. Akaniuliza kama baba yake alikasirika nilipomwambia apunguze kula. Nikamwambia, hapana, alicheka. Akasema, "Basi nilicheka hivyo hivyo leo asubuhi uliponitania, hukunisikia?"

Kukusamehe sijui, hilo nikilipata nitakuandikia. Lakini kwato hazingoji watu wapatane. Za Mjukuu zitataka kupunguzwa katikati ya mwezi wa sita, na fundi wa gesi amesema yeye atashika koleo tu, nyundo ashike mzee.

Njoo. Chai nitaiweka jikoni nikisikia unaingia mlangoni.

Mdogo wako,
Sindano